Nimesomesha watatu, wawili wameondoka. Huyu wa tatu nimwachie msimu?

BARUA

Ndugu Mshauri,

Salaam za ushirika. Mimi ni meneja wa chama kikuu cha ushirika mkoani Tabora. Tunahudumia vyama vya msingi, yaani AMCOS, zaidi ya arobaini. Karibu vyote ni vya wakulima wa tumbaku, vichache vimeanza asali na alizeti. Nina miaka 57, mkataba wangu unaisha nikifikisha 60, na bodi imeniagiza niandae mtu wa kushika nafasi yangu.

Agizo hilo nililichukua kwa moyo. Miaka minne iliyopita tuliajiri vijana watatu, tukawapeleka mafunzo ya uhasibu wa vyama vya ushirika, usimamizi wa mikopo na utunzaji wa ghala. Chama kililipa kila kitu. Waliporudi, kila mmoja alikaa kwenye meza yake ileile akisubiri nafasi ipatikane. Mmoja aliondoka baada ya miezi minane akaenda benki. Wa pili yuko kwenye kampuni ya ununuzi wa mazao. Wajumbe wa bodi wananiuliza kila kikao: "Meneja, tunasomeshea wengine hadi lini?"

Amebaki binti yetu mmoja, miaka 29, mhasibu msaidizi. Ni mwaminifu na hesabu zake hazina shaka. Mwezi uliopita binti yetu alikuja ofisini kwangu akaniambia kwa adabu kwamba asipopewa kazi yenye uzito msimu huu, ataondoka. Anaomba asimamie pembejeo: kukusanya mahitaji ya vyama, kupokea mbolea, kuisambaza na kufunga hesabu. Mimi mwenyewe kazi hiyo nilikabidhiwa nikiwa na miaka 41. Mbolea ikichelewa, mvua za Novemba zinamkuta mkulima na miche mkononi. Ikipotea, deni linabaki kwa wakulima. Binti yetu hajawahi kubishana na dereva wa lori saa nne za usiku, wala na mwenyekiti wa AMCOS aliyezidisha idadi ya mifuko.

Kuna la pili. Mwenyekiti wa bodi, ambaye namheshimu kama kaka, amenidokeza mara mbili kwamba ana mtoto wa dada yake aliyemaliza chuo, "naye ni kijana." Hajaniamuru, lakini nimeelewa.

La tatu ni la bodi yenyewe. Kwa kuwa mikutano yetu imejaa mvi, wanataka tuunde Kamati ya Vijana. Kuna bajeti ya fulana, mipira na bonanza. Nimeambiwa binti yetu ndiye awe mlezi wake. Naona kama ni njia ya kumtuliza.

Nimkabidhi msimu, nikijua likiharibika jambo ni mimi nitakayesimama mbele ya mkutano mkuu? Nimwombe asubiri mwaka mmoja? Au nikubali kwamba vijana wa leo hawana subira, nimalizie muda wangu kwa amani?

Mwanaushirika, Tabora

MAJIBU YA MSHAURI

Shikamoo mzee wangu,

Nimekuelewa hivi: umepewa kazi ya kuandaa mrithi, ukaifanya kwa njia uliyoijua, na chama kikapoteza fedha na watu. Sasa aliyebaki anakuomba kitu ambacho wewe mwenyewe ulikisubiri hadi miaka 41, na ukimpa, jina lililo hatarini ni lako. Juu ya hapo kuna mwenyekiti unayemheshimu, na kamati ambayo moyo wako hauiamini. Hofu yako ina msingi. Mfuko wa mbolea usiomfikia mkulima wa Urambo au Sikonge kabla ya kupandikiza unageuka deni ndani ya nyumba yake.

Nianze na sentensi moja uliyoiandika kwa haraka: "kila mmoja alikaa kwenye meza yake ileile akisubiri nafasi ipatikane." Naomba uisome tena. Chama kiliwapa vijana watatu elimu, kisha hakikuwapa mahali pa kuitumia. Mtu aliyefundishwa usimamizi wa mikopo halafu akarudishwa kubandika stakabadhi ataisahau elimu hiyo, au ataipeleka inakotakiwa. Huenda walifuata mshahara pia. Lakini namba zao unazo. Wapigie, uwaulize ni siku gani hasa waliamua kuondoka na nini kilitokea wiki hiyo. Jibu la swali hilo litakufaa kuliko semina ya siku tatu.

Wajumbe wanaolalamika kwamba mnasomeshea wengine wana hoja, na wengine wangekushauri uwafunge waliosomeshwa kwa mkataba wa kukitumikia chama. Mkataba wa namna hiyo unaweza kufaa ukiwa mfupi, ukiendana na gharama, na ukitiwa saini kabla ya safari badala ya baada. Ila ujue unachoshika: unashika miguu. Mtu aliyebaki kwa sababu ya deni atakuhesabia siku.

Mkoa wenu wenyewe una mfano wa zamani. Shule ya serikali ya Tabora, miaka ya 1920, Waingereza waliifungua kwa nia ya kuandaa watoto wa watemi na machifu wawe wasaidizi wa utawala wao. Mwalimu Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, aliingia pale 1937. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa waziri mkuu, naye alipita Tabora, na hakuwa mtoto wa chifu. Wote wawili walitumia walichokipata kwa kazi ambayo waliojenga shule hawakuikusudia. Anayeandaa viongozi hana hakika watakwenda wapi. Mhasibu wenu aliyeko benki leo anaijua AMCOS kwa ndani, na siku chama kinaomba mkopo wa pembejeo, hilo si hasara tupu.

Sasa nije kwa huyu aliyebaki. Mzee wangu, umemwita "binti yetu" katika barua nzima, na cheo chake umekitaja mara moja tu. Najua ni upendo. Lakini watu wa ofisini husikia unavyomwita, na madereva na wenyeviti wa AMCOS pia. Binti hutumwa, mhasibu huulizwa. Ukimpeleka Kaliua kudai hati ya mapokezi huku kila mtu akijua ni "binti wa meneja," mwenyekiti wa kule atakupigia wewe simu kabla binti hajashuka kwenye gari. Halafu utasema hana uzoefu wa kubishana. Ataupata wapi?

Kuhusu ombi lake, umeliweka kama njia panda: msimu mzima au hakuna. Sidhani kwamba kuna njia mbili tu.

Kazi ya pembejeo ina viungo vyake, na wewe unavijua kuliko mimi. Mahitaji yanakusanywa chama kwa chama kulingana na wakulima waliosajiliwa na eneo lao. Yanajumlishwa, yanalinganishwa na makisio pamoja na ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika. Mzigo unaagizwa, unapokelewa, unashushwa, unasainiwa, na mwisho hesabu inafungwa: mifuko iliyotoka ghalani iwe sawa na iliyoandikwa kwa majina ya wakulima. Makosa mengi huzaliwa mwanzo na mwisho wa mnyororo huo. Mwanzoni chama cha msingi huzidisha idadi, ama kwa hofu ya kupungukiwa ama kwa nia mbaya. Mwishoni hati za mapokezi huja bila muhuri, au zina saini ya mtu asiye kwenye orodha. Hapo katikati, lori linashusha mbolea ya NPK kwenye chama cha jirani kwa sababu barabara imeharibika, na hakuna aliyeandika.

Viongozi wengi wanaotaka kumjaribu kijana humpa kiungo kimoja cha kazi hiyo kwa vyama vyote arobaini, mathalani kuhakiki hati. Inaonekana salama, lakini haimfundishi uamuzi wowote, kwa kuwa likiharibika mwanzo wa mnyororo yeye hakuwepo, na likitengenezeka mwisho si kazi yake. Kinyume chake kinawezekana: kanda moja, tuseme vyama sita hadi vinane, lakini kazi nzima, kutoka daftari la mahitaji hadi hesabu kufungwa. Vyama vilivyobaki unaendelea navyo wewe. Kanda hiyo ikikwama, unaweza kuiokoa kwa gari moja na siku mbili. Na yeye akikuta mifuko 12 imepungua, atalazimika kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi ajue ilipotea wapi.

Nisingependa ukaichagua kanda rahisi. Changanya: vyama viwili vyenye viongozi wazuri, vitatu vya kawaida, kimoja unachokijua kwa ubishi. Ukimpa vizuri vitupu, wajumbe watasema alibebwa. Ukimpa vibovu vitupu, utakuwa umemwekea mtego hata kama hukukusudia.

Pia mpe kwa maandishi. Barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, majina ya vyama, kiwango cha fedha anachoweza kuidhinisha bila kukuuliza, na mambo matatu au manne ambayo lazima akuulize. Nakala iende kwa wenyeviti wa vyama hivyo, kwa mtunza ghala na kwa bodi. Kazi ya mdomo hunyang'anywa kwa mdomo. Na mwenyekiti wa AMCOS akikupigia simu kulalamika, jibu lako la kwanza liwe: "Umeshaongea na mhusika?" Hapa ndipo wakubwa wengi wanapoteleza. Wanakabidhi kazi asubuhi, jioni wanaipokea tena kwa simu moja, na kijana anagundua kwamba alikuwa tarishi mwenye barua nzuri.

Hatari ipo. Anaweza kukosea na kanda ikachelewa. Ndiyo maana ungeweka siku za ukaguzi mapema: siku mahitaji yanapofungwa, siku mzigo unapowasili, na wiki moja baada ya usambazaji kukamilika. Mara tatu, basi. Ukimkagua kila jioni utakuwa unafanya kazi yake kwa mkono wake.

Kuna njia nyingine isiyogharimu shilingi, nayo ni likizo yako. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka. Mameneja wengi wa ushirika huzigawa vipande vya siku mbili mbili, au hawaziendi kabisa, kisha hustaafu chama kizima kikiwa hakijawahi kuona kinavyokwenda bila wao. Chukua zote 28 kwa mkupuo, katika mwezi wenye kazi za kweli ila si kilele. Mtu akaimu kwa barua, pamoja na posho ya kukaimu. Si lazima awe yeye mwaka huu. Huenda mhasibu mkuu ndiye astahili kwanza, na yeye mhasibu msaidizi akakaimu nafasi ya mhasibu mkuu. Hivyo ngazi mbili zinapanda kwa pamoja. Waambie ofisini simu yako itapokelewa kwa msiba na moto tu.

Na kumwomba asubiri mwaka? Linawezekana, lakini kusubiri kuwe na kitu ndani yake. "Subiri" tupu ndiyo waliyoisikia wale wawili. Ukisema: mwaka huu kanda, mwakani uandae makisio na uyasome wewe mwenyewe mbele ya mkutano mkuu, mwaka wa tatu tutazame, hapo atakuwa na cha kupima. Bado anaweza kuondoka. Ni haki yake.

Naona pia kwamba unamwandaa mtu mmoja kwa kiti kimoja. Hapa nakuuliza kwa heshima: kiti ni cha nani? Meneja huajiriwa na bodi, na bodi huchaguliwa na wanachama. Wewe huwezi kumrithisha mtu. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba siku bodi itakapotangaza nafasi, ndani ya nyumba wapo wawili au watatu ambao rekodi zao zinasimama bila ushahidi wako. Ukimwandaa mmoja peke yake, utambebesha maadui ambao hakuwatafuta, na siku akiugua au akiolewa Mwanza unaanza upya.

Hilo linakupa pia mlango wa kuongea na mwenyekiti. Huna haja ya kumkatalia kaka yako. Mtoto wa dada yake anaweza kuwa kijana hodari, na kuwa na mjomba si kosa lake. Mwambie mwenyekiti nafasi za mafunzo kwa vitendo zitatangazwa, masharti yataandikwa, kila atakayepita atapewa kanda yenye vyama vya aina ileile na kupimwa kwa hesabu ileile, na yeye mwenyekiti hatakaa kwenye kikao kitakachomjadili ndugu yake. Akikubali, umepata mtu wa pili na kijana amelindwa dhidi ya maneno. Akikasirika, utakuwa umejua jambo, na hapo Afisa Ushirika wa wilaya au ofisi ya Mrajis Msaidizi mkoani ni mahali pa kupata ushauri kabla mambo hayajawa mabaya. Usilikalie kimya tu. Ukinyamaza, yeye atahesabu kwamba umekubali.

Nimebakisha Kamati ya Vijana, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona ndiko mzizi ulipo.

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart alichora ngazi yenye vidato vinane kupima ushiriki wa watoto na vijana. Vidato vitatu vya chini alivikataa kabisa kuviita ushiriki: kijana kutumiwa kusema ya wakubwa, kijana kuwa pambo, na kijana kuwekwa ili ionekane yupo. Fulana na bonanza, vikiwa peke yake, vipo hapo chini. Mpira si mbaya. Shida inaanza pale kamati inapokosa bajeti inayoiamua yenyewe, ajenda yake kwenye bodi, na tarehe ya kujibiwa.

Unasema mikutano imejaa mvi. Mkutano mkuu wa chama kikuu unajazwa na wawakilishi wanaotoka vyama vya msingi, na hawezi kutumwa mwakilishi asiye mwanachama. Kwa hiyo, kabla ya kuunda kamati, fungua madaftari ya wanachama ya vyama vitano tu. Hesabu wenye miaka 15 hadi 35, ambao Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 iliwaita vijana. Kisha hesabu wangapi kati yao wanauza tumbaku kwa jina lao wenyewe.

Huenda utakuta kijana wa miaka 24 ambaye tangu akiwa na 15 anabeba maji ya kitalu, anachuma, anakesha akichochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, na fedha inaingia kwa jina la baba. Hana jina kwenye daftari. Shamba ni la baba, bani ni la baba, hisa ni za baba. Akisema ajiunge, anakutana na kiingilio na hisa vinavyotakiwa kwa mkupuo kabla hajavuna. Halafu anasikia habari ya dhamana ya pamoja: mwenzako asipolipa mkopo wa pembejeo, makato yanakugusa na wewe. Ananunua pikipiki kwa mkopo, na kijijini wanasema vijana hawapendi kilimo. Mimi nisingelaumu subira yake. Amesubiri misimu tisa.

Haya ndiyo mambo ambayo kamati ya kweli ingeyashughulikia. Je, masharti ya vyama vyenu yanaruhusu hisa kulipwa kidogo kidogo kwa msimu mmoja au miwili? Yasiporuhusu, nani atapeleka hoja ya kuyarekebisha? Je, vijana kumi wenye mizinga wanaweza kuanza kama kikundi cha asali ndani ya AMCOS, wakiwa na hesabu yao, bila kufungwa na deni la tumbaku la wazee? Misitu ya miombo mnayo, na asali haihitaji kuni za bani. Hatari yake ni soko na ubora: asali ikirinwa mbichi, huwa na maji mengi na huchacha, na kikundi kikivunjika msimu wa kwanza wataambiwa "tuliwaambia." Watahitaji fundi, vyombo safi na mnunuzi aliyezungumzwa nao kabla ya kurina.

Kanuni ya tano ya ushirika, kama ilivyoandikwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995, inahusu elimu, mafunzo na habari, na inawataja vijana waziwazi. Wajumbe wako wanaijua. Labda hawajaulizwa inaonekanaje kwenye daftari.

Kama mhasibu wako msaidizi atakuwa mlezi wa kamati hiyo, aushike ulezi huo kwa hiari yake na baada ya kanda, si badala yake. Ukimpa yote mawili kwa pamoja mwezi huu, kanda itamshinda na utasema hukujua kwa nini. Na ukiona moyo wako unasita kumpa lolote, jiulize pia hilo kwa upole. Mtu aliyesimamia pembejeo miaka kumi na sita ana haki ya kuhuzunika anapoiachia. Mwalimu aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, akamwachia Kawawa aliyekuwa na miaka 35, naye akaenda kukijenga chama chake cha siasa, TANU. Hakuwa amechoka wala hakuwa amefukuzwa. Lazima kulikuwa na asubuhi ambazo alitamani kupiga simu.

Ukichagua njia ya kanda, muda wa kukusanya mahitaji hauko mbali, kwa hiyo barua iandikwe kabla vitalu havijaanza. Mwite, muisome pamoja, mruhusu abadilishe sentensi moja au mbili. Na akishafunga hesabu, kabla hujafungua faili, muulize ni wapi aliamua tofauti na ambavyo wewe ungeamua, na kwa nini.

Tuandikie tena, mzee wangu. Tungependa kujua wale wawili walikujibu nini kwenye simu.